Mji wa Mofini na Watoto Wake

Mwaka 1832 familia ya Rosengarten ilianza kutengeneza chumvi za mofini katika kiwanda chake mjini Philadelphia, na haukupita muda mrefu mji huo ukawa mmoja wa miji mikuu ya biashara ya dawa hiyo nchini Marekani. Leo tukisikia habari ya dawa za kulevya jamii ya afyuni, picha inayotujia ni ya kijana wa kiume aliyekonda, amejiinamia kibarazani. Karne ya 19 haikuwa hivyo. Mtumiaji wa kawaida wa mofini Marekani alikuwa mwanamke wa makamo, mke wa mtu, mwenye nyumba na uwezo, na aliyempa dawa alikuwa daktari wake. Aliandikiwa kwa maumivu ya hedhi, kwa kichwa, kwa kukosa usingizi, kwa huzuni. Bomba la sindano lilipoenea baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865, daktari akamwachia hata bomba ajichome mwenyewe. Hesabu zilizokusanywa Michigan mwaka 1878, Chicago mwaka 1880 na Iowa mwaka 1885 zote zilikuta wanawake ni wengi kuliko wanaume. Watoto nao walinyweshwa. Mrs. Winslow's Soothing Syrup, dawa ya maji iliyoingia sokoni mwaka 1849 kutoka Bangor, Maine, ilikuwa mofini ndani ya pombe, na ilitangazwa kuwa tulizo la mtoto anayeota meno. Sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kuandika kilichomo kwenye chupa ilikuja mwaka 1906, baada ya miaka 57 ya akina mama kuwanywesha wanao kitu wasichoambiwa.

Nimeanza na Philadelphia kwa sababu mji huo uliotengeneza mofini kwa miongo mingi ndio pia uliokuja kutupa sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu swali zito: mtoto aliyekaa tumboni miezi tisa huku mama yake akitumia mofini, heroini au vidonge vya maumivu, ubongo wake unakuwaje? Nitakachotetea hapa ni hiki. Dawa hizi huugusa ubongo unaojengeka, na anayesema haziugusi hajautazama ushahidi. Hata hivyo, mara kwa mara katika historia hii jamii iliyachukua mateso ya siku chache za kwanza, yale yanayoonekana kwa macho na kusikika kwa masikio, ikayageuza kuwa hukumu ya maisha mazima ya mtoto. Kisha, kwa kuiamini hukumu hiyo, ikamfukuza mama kutoka kwenye matibabu, na matibabu ya mama ndiyo kinga kubwa kuliko zote ambayo ubongo wa mtoto umewahi kupatiwa. Madhara ya kosa hilo yamewaangukia watoto wale wale waliosemekana kulindwa.

Taarifa ya kitabibu inayotajwa kuwa ya kwanza kuhusu kichanga aliyezaliwa na dalili za kukosa mofini ni ya mwaka 1875. Miaka iliyofuata zilikuja nyingine, na nyingi ziliishia kaburini: mtoto analia bila kukoma, anatetemeka, hanyonyi, anapata degedege, anakufa ndani ya wiki moja. Madaktari wengine waligundua mapema kwamba kichanga huyo akipewa kiasi kidogo sana cha mofini, kisha kikapunguzwa polepole, hutulia na kupona. Maarifa hayo yalikuwepo mwanzoni mwa karne ya 20. Yalipotea njiani kwa sababu ya sheria. Sheria ya Harrison ya 1914 iliiweka biashara ya afyuni chini ya usimamizi wa serikali, na mwaka 1919 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Webb, ikaamua kwamba daktari anayemwandikia mraibu mofini ili tu asipatwe na maumivu ya kuikosa hafanyi tiba. Madaktari walishtakiwa, wengine wakafungwa, waliobaki wakaogopa. Yule mama mwenye uwezo wa karne ya 19 akafa kwa uzee au akaacha kimyakimya, na nafasi yake ikachukuliwa na watu maskini wa mijini, ambao hawakuwa na daktari wa familia wa kuwaona. Kwa karibu miaka hamsini mjamzito mwenye uraibu hakuwa mgonjwa wa mtu yeyote. Alifika hospitali uchungu ukiwa umeshamshika, akajifungua, akaondoka, na hakuna aliyeuliza mtoto wake alisomaje darasa la tatu.

Heroini iliporudi kwa nguvu katika miji ya Marekani miaka ya 1960, watoto hawa walionekana tena, safari hii wengi kwa wakati mmoja. Katika Philadelphia General Hospital, hospitali ya umma iliyowapokea maskini wa mji, daktari Loretta Finnegan alikuta wenzake wakitibu kwa kukisia: huyu anampa kichanga dawa ya usingizi kwa sababu analia, yule hampi kitu mpaka degedege lije. Mwaka 1975 yeye na wenzake walichapisha karatasi ya kupima ambayo bado inatumika katika nchi nyingi. Inafaa kuitazama kwa karibu. Kila saa chache muuguzi husimama kando ya kitanda na kupitia orodha ya dalili 21. Kilio chembamba chenye ukali kina alama zake. Kilio kisichokoma kina alama zaidi. Mtoto aliyelala chini ya saa moja baada ya kunyonya anapewa alama 3, aliyelala chini ya saa mbili anapewa 2. Kutetemeka akiguswa, kutetemeka bila kuguswa, jasho, homa, miayo ya mfululizo, kupiga chafya, pua kuziba, ngozi kuwa na mabaka, kunyonya ngumi kwa pupa huku maziwa yakimshinda, kutapika, kuharisha maji. Degedege peke yake ni alama 5. Jumla ikifika 8 mara tatu mfululizo, mtoto anaanzishiwa dawa, kwa kawaida matone ya mofini au methadoni, kisha anapunguziwa siku hadi siku. Kwa karatasi hiyo, kichanga aliyekuwa akifa mwaka 1875 sasa anapona. Matatizo yote yaliyofuata yasitusahaulishe hilo.

Kwa nini kichanga anapata arosto, yaani dalili za kuikosa dawa aliyoizoea? Kondo la nyuma halizizuii dawa hizi. Mofini na heroini, hata methadoni na buprenofini zinazotumika kutibu uraibu, hupita kutoka damu ya mama hadi damu ya mtoto. Katika ubongo zinakuta mahali pa kushika. Mwaka 1973 maabara tatu, mbili za Marekani na moja ya Sweden, zilithibitisha kwamba seli za ubongo zina vipokezi maalumu vya afyuni, na mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Scotland, wakaipata kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza kwa ajili ya vipokezi hivyo, enkefalini. Dawa inapoingia kila siku, kundi fulani la seli katika shina la ubongo, lile linalotoa kemikali ya kuuamsha mwili na kuupandisha mapigo ya moyo, hukandamizwa. Nalo hujibu kwa kuongeza nguvu ili kazi isisimame. Kitovu kinapokatwa, dawa inakatika na ile nguvu ya ziada inabaki bila kizuizi. Mtoto anatetemeka, anatoka jasho, hapati usingizi. Kama mama alitumia heroini, dalili huanza ndani ya siku ya kwanza. Kama alikuwa kwenye methadoni, inayokaa mwilini muda mrefu, zinaweza kungoja hadi siku ya tatu. Baada ya siku au wiki kadhaa seli zinarudi katika hali yake. Arosto, basi, ni habari ya seli zilizozoea dawa na sasa zinajizoesha upya. Haituambii lolote kuhusu namna ubongo ulivyojengwa.

Ujenzi wa ubongo ni swali la pili, na jibu lake la kwanza lilitoka kwa panya. Ian Zagon na Patricia McLaughlin, waliofanya kazi Hershey katika jimbo hilo hilo la Pennsylvania, walionyesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba panya aliyepata methadoni akiwa tumboni na wakati wa kunyonya alikuwa na ubongo mdogo kuliko mwenzake. Mwaka 1983 wakachapisha katika jarida la Science jaribio la kinyume: waliwapa panya wachanga naltreksoni, dawa inayoziba vipokezi vya afyuni, na ubongo wao ukawa mkubwa zaidi na wenye seli nyingi zaidi. Maana yake ni kwamba mwili hutumia kemikali zake zenyewe za jamii ya afyuni kudhibiti kasi ya seli kugawanyika, na dawa inayotoka nje inaingilia udhibiti huo. Baadaye Carmen Sato-Bigbee na wenzake huko Virginia wakaonyesha kwamba buprenofini na methadoni hubadilisha wakati wa kukomaa kwa seli zinazozifunga nyuzi za neva kwa mayelini, ule utando wa mafuta unaoharakisha ujumbe. Ushahidi huu ni wa kweli na sina nia ya kuupunguza. Ila panya wa maabara wana bahati ambayo hakuna mtoto wa binadamu aliyewahi kuwa nayo: wote wanakula chakula kimoja, wanaishi chumba kimoja, na mama zao hawavuti sigara.

Hapo ndipo Philadelphia inapoingia tena, kwa njia ya dawa nyingine. Kokeini si jamii ya afyuni, lakini bila kisa chake huwezi kuelewa watoto wa afyuni walivyotendewa. Mwaka 1985 Ira Chasnoff wa Chicago alichapisha ripoti ya wanawake 23 waliotumia kokeini wakiwa wajawazito, akitoa tahadhari kwamba matokeo ni ya awali. Magazeti na televisheni hazikungoja. Likatangazwa kundi zima la watoto wasioweza kupenda, kujifunza wala kutulia, watakaozijaza shule na kisha magereza. Daktari Hallam Hurt, aliyeongoza huduma ya watoto wachanga katika Albert Einstein Medical Center mjini Philadelphia, akaamua kupima badala ya kutabiri. Aliandikisha watoto 224 waliozaliwa kati ya 1989 na 1992, karibu nusu yao wakiwa wamepitia kokeini tumboni na nusu hawakupitia, wote wakitoka katika familia za kipato cha chini za mji huo huo, kisha akawafuatilia kwa zaidi ya miaka 20. Wakiwa na miaka minne, wastani wa kipimo cha akili wa waliopitia kokeini ulikuwa 79.0, wa wenzao ulikuwa 81.9. Tofauti baina ya makundi ilikuwa ndogo mno. Kilichomshtua Hurt ni kwamba makundi yote mawili yalikuwa chini sana ya wastani wa nchi, ambao ni karibu 100. Timu yake ikaanza kuuliza watoto hao wanaishi vipi. Walipofika miaka saba, asilimia 74 walikuwa wamesikia milio ya risasi na asilimia 19 walikuwa wameona maiti nje. Watu walimtafuta mwizi wa akili za watoto ndani ya damu ya mama, kumbe alikuwa akitembea mtaani mchana kweupe.

Wakati Hurt akipima, wengine waliadhibu. Huko Charleston, South Carolina, kuanzia mwaka 1989 hospitali ya chuo kikuu cha tiba cha jimbo ilipima mkojo wa wajawazito bila idhini yao na kuwapelekea polisi majina. Wanawake 30 walikamatwa, na isipokuwa mmoja, wote walikuwa Weusi. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2001, katika kesi ya Ferguson, kwamba upimaji huo ulivunja katiba. Lakini wazo lenyewe halikufa. Vidonge vya maumivu vilipofurika Marekani baada ya OxyContin kuingia sokoni mwaka 1996, vichanga wenye arosto waliongezeka kutoka 1.2 kwa kila 1,000 waliozaliwa mwaka 2000 hadi 5.8 mwaka 2012, na Tennessee ikatunga sheria iliyoruhusu kumshtaki mama ambaye mtoto wake amezaliwa na dalili hizo. Ilidumu tangu Julai 2014 hadi Julai 2016. Uchambuzi wa takwimu za jimbo uliofanywa baadaye ulikuta kwamba wanawake walipunguza kuhudhuria kliniki, na vifo vya watoto tumboni na vya wachanga vikaongezeka. Ieleweke ilivyo: sheria iliyotungwa kwa jina la mtoto ilihusishwa na kufa kwa watoto, katika jimbo ambalo lingeweza kuzitumia fedha za kesi hizo kufungua vituo vya tiba.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Atasema kokeini ni kokeini. Watoto wa afyuni wana takwimu zao, na si nzuri. Ni kweli. Mwaka 2017 Ju Lee Oei na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 2,234 wa New South Wales, Australia, waliozaliwa na arosto, wakalinganisha mitihani yao ya kitaifa na ya watoto wengine. Walikuwa nyuma tangu darasa la tatu, na pengo lilipanuka kiasi kwamba walipofika darasa la saba alama zao zilikuwa chini ya zile za watoto wengine wa darasa la tano. Huko Oslo, Egil Nygaard na wenzake waliwafuatilia watoto 72 ambao mama zao walitumia afyuni na dawa nyinginezo, na hawa ndio wanaonipa kazi ngumu zaidi, maana wengi wao walihamishiwa katika familia za malezi zenye uthabiti kabla hawajafikisha mwaka, na bado walibaki nyuma walipofika miaka minane. Kristine Walhovd, naye wa Oslo, alipiga picha za ubongo za watoto 14 wa namna hiyo mwaka 2007 akakuta ujazo mdogo katika maeneo kadhaa. Kwa ushahidi huu siwezi kusema, kama wengine wanavyosema kuhusu kokeini, kwamba yote ni umaskini. Kuna kitu kimebaki, na haki ya watoto hawa inadai kikubalike.

Swali ni kitu hicho kina ukubwa gani, na kinatokana na nini. Watoto wa Oslo hawakupata heroini peke yake; mama zao walichanganya vidonge vya usingizi, pombe, bangi na sigara, na wengi walizaliwa na uzito mdogo. Sigara peke yake hupunguza uzito wa mtoto, na katika karibu kila utafiti wa wajawazito wenye uraibu wa afyuni wavutaji ni wengi mno. Mwaka 1996 Asher Ornoy na wenzake mjini Jerusalem walifanya ulinganisho ambao wachache wameurudia. Waliwapima watoto wa akina mama waliotumia heroini, wengine wakilelewa nyumbani na wengine wakiwa wameasiliwa mapema, na pembeni wakawaweka watoto ambao baba zao ndio waliotumia heroini, ambao tumboni hawakuguswa na kitu, pamoja na watoto wa familia maskini wasio na historia yoyote ya dawa. Walioasiliwa walikuwa karibu sawa na watoto wa kawaida kwa akili, ingawa utulivu na umakini ulikuwa mgumu kwao. Waliobaki katika nyumba zenye uraibu walikuwa chini, na watoto wa baba waraibu nao walikuwa chini. Na tazama Tennessee. Mwaka 2018 Mary-Margaret Fill na wenzake waliwalinganisha watoto 1,815 waliozaliwa na arosto na wenzao 5,441. Waliokutwa na ulemavu wa ukuaji au wa kujifunza walikuwa asilimia 15.6 dhidi ya 11.7. Tofauti hiyo ni halisi, na kwa mzazi ambaye mwanawe yumo ndani yake si ndogo. Lakini inasema pia kwamba zaidi ya watoto wanane katika kila kumi waliotetemeka wodini hawakukutwa na ulemavu huo. Utabiri wa kundi zima lililoharibika hauna mahali pa kusimama kwenye namba hizi.

Pingamizi la pili ni la watu wa kawaida, na ndilo linalosikika zaidi hata huku kwetu: kumpa mjamzito methadoni ni kumwongezea mtoto sumu ile ile kwa jina la tiba, bora aache kabisa. Methadoni kama tiba ya kudumu ililetwa na Vincent Dole na Marie Nyswander mjini New York mwaka 1965, nao hawakuwa wakiwafikiria wajawazito. Wajawazito waliingia wenyewe, na kilichoonekana ni kwamba mama anayetumia heroini ya mtaani hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku, na kila anaposhuka mtoto tumboni anashuka naye. Mwaka 1975 Frederick Zuspan na wenzake walimpunguzia methadoni mjamzito huku wakipima maji ya chupa ya uzazi, wakakuta homoni za mfadhaiko za mtoto zikipanda. Walipoirudisha dozi, zikashuka. Arosto ndani ya mji wa mimba imehusishwa na uchungu wa mapema na kifo cha mtoto. Na wengi wanaoachishwa kwa nguvu hurudia, wakiwa na mimba ile ile na uvumilivu mdogo wa dawa. Methadoni humsimamisha mama mahali pamoja. Anakula, analala, anahudhuria kliniki, anapimwa VVU na kaswende, anaacha kutafuta pesa kwa njia za hatari. Kituo cha wajawazito alichokianzisha Finnegan Philadelphia, ambacho baadaye kiliongozwa na Karol Kaltenbach wa Chuo Kikuu cha Thomas Jefferson, kilijengwa juu ya wazo hilo. Kilishiriki pia katika utafiti mkubwa ulioongozwa na Hendrée Jones na kuchapishwa mwaka 2010, ulioandikisha wanawake 175 Marekani, Canada na Austria. Watoto wa mama waliopewa buprenofini walihitaji kwa wastani miligramu 1.1 za mofini, wa methadoni 10.4, siku za hospitali zilikuwa 10 dhidi ya 17.5. Mwaka 2018 Kaltenbach akaripoti watoto 96 wa utafiti huo waliofuatiliwa hadi miezi 36: ukuaji wao wa akili, lugha na viungo ulikuwa ndani ya kiwango cha kawaida, kwa dawa zote mbili. Hawa ni watoto waliopata dawa jamii ya afyuni kila siku ya mimba iliyotunzwa.

Historia hii ilifika pwani yetu kwa njia ya bahari. Heroini ya kahawia ilianza kuzoeleka katika miji ya Kenya na Tanzania miaka ya 1980. Ile nyeupe, inayoyeyuka kwa urahisi na kuchomwa, ilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Februari 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ikafuatwa na Mwananyamala na Temeke. Kenya ilianza Mathari mwishoni mwa 2014, kisha Malindi na Mombasa, na Zanzibar ikajiunga mwaka 2015. Mpango ule ni mtoto wa Dole na Nyswander moja kwa moja: mtu anafika kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anaenda zake. Lakini katika foleni za kliniki hizo wanawake ni wachache sana. Dada anayevuta au kuchoma unga ana sababu zake za kutoonekana: watoto ambao anaogopa watachukuliwa na ndugu wa mume, mwanamume anayemshikia kete na hataki apone, na macho ya mtaa, ambayo teja wa kiume huyavumilia lakini yeye yanammaliza. Akiwa na mimba, aibu inazidi mara mbili, na ndipo anapofanya lile ambalo wanawake wa Tennessee walilifanya: anaikwepa kliniki. Wahudumu wa methadoni wanapaswa kujua pia kwamba katika miezi ya mwisho damu ya mama huongezeka na ini lake huivunja dawa kwa kasi, hivyo dozi iliyomtosha mwezi wa tatu haitamtosha mwezi wa nane. Mama anayelalamika arosto wakati huo mara nyingi anasema kweli, na jibu sahihi ni kumwongezea au kumgawia dozi mara mbili kwa siku. Kumshuku kwamba amerudia unga ni kumsukuma akarudie kweli.

Miaka ya karibuni hata ile karatasi ya Finnegan ya dalili 21 imeulizwa maswali. Matthew Grossman na wenzake wa Yale waliona kwamba kumfunua mtoto, kumwamsha na kumgusagusa kila saa chache ili apimwe kunamzidishia kile kinachopimwa. Wakabakiza maswali matatu: ananyonya angalau mililita 30? Analala angalau saa moja? Akilia, ananyamazika ndani ya dakika 10? Na tiba ya kwanza ikawa mama mwenyewe, akae na mtoto chumba kimoja chenye mwanga hafifu, ambebe, amnyonyeshe. Mwaka 2017 waliripoti kwamba muda wa wastani wa kukaa hospitali ulishuka kutoka siku 22.4 hadi 5.9, na waliohitaji mofini kutoka asilimia 98 hadi 14. Jaribio la hospitali 26 na watoto 1,305, lililochapishwa mwaka 2023, lilithibitisha mwelekeo huo: siku 8.2 badala ya 14.9. Mama kulala na mwanawe na kumbeba anapolia ni jambo ambalo bibi yeyote wa Tanga au Lamu angeliagiza bila kusoma jarida. Shirika la Afya Duniani nalo limehimiza tangu 2014 kwamba mama aliye kwenye methadoni anyonyeshe, kwa kuwa dawa inayopita katika maziwa ni kidogo mno. Ila mpango huu una sharti moja lisilokwepeka. Mama awepo. Mama aliye rumande, au aliyenyang'anywa mtoto mlangoni mwa wodi, hawezi kuwa dawa ya mtu.

Sharti hilo linaibana hata sayansi yenyewe. Marekani sasa inaendesha utafiti mkubwa wa ubongo wa watoto, unaokusudia kuzifuatilia familia zaidi ya 7,000 tangu mimba hadi utotoni, ukiwemo uchunguzi wa dawa jamii ya afyuni, kwa picha za ubongo zinazorudiwa mara kwa mara. Huo ndio unaoweza kututenganishia, kwa namna ambayo Oslo na Jerusalem hazikuweza, kipi ni cha heroini, kipi ni cha sigara, kipi ni cha njaa na kipi ni cha kuhamishwa nyumba tano kabla ya kuanza shule. Kuwafuatilia watoto hadi utu uzima, kama Hurt alivyowafuatilia wa Philadelphia, kunahitaji mama wanaoamini kwamba hakuna jina litakalofika polisi. Pale mama anapojua kwamba kusema kweli kutamgharimu mtoto, wanaoingia katika takwimu ni wale tu walioshindwa kujificha, yaani walio maskini zaidi na wagonjwa zaidi, na ubongo wa watoto wao ndio unaosomwa kana kwamba ni ubongo wa wote.